Aliyemdanganya Majivu

Mwalimu alikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko aliposikia ubao ukivunjika uwanjani, halafu ukelele wa mwanamke, halafu kwato zikikimbia ovyo.

Alikuwa bafuni kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilimuudhi kila alipoikumbuka baadaye. Alikuwa anajisugua harufu ya farasi. Mama wa mchumba wake alikuwa anakuja kuona zizi ambalo Mwalimu alifundishia watu kupanda farasi, na mara ya mwisho walipoketi meza moja, mama yule alifungua dirisha bila kusema neno, akamtazama mwanawe, kisha akalifungua zaidi. Ndiyo maana leo, mara tu alipomaliza mazoezi ya asubuhi, Mwalimu alimwachia mchumba wake hatamu, akakimbilia maji.

Alitoka mbio, mikono ikichuruzika.

Mchumba wake, ambaye zizi zima lilimwita Nahodha kwa kuwa ndiye aliyeongoza timu ya kuruka viunzi kwa farasi, alikuwa ameketi mchangani, suruali yake nyeupe imechafuka mpaka kiunoni. Kiunzi cha katikati kilikuwa vipande viwili. Shangazi yake, aliyefuatana na mama yake, alikuwa ameanguka chali juu ya rundo la nyasi kavu akimkwepa farasi, mkoba umemkalia tumboni, anaita majina yote ya Mungu aliyoyajua. Mama Nahodha alikuwa wima peke yake, kitambaa cha kichwa kimesogea, mkono kifuani.

Na kule kona ya mbali, hatamu zinaburuta, goti linatoka damu, alisimama Majivu.

Majivu alikuwa farasi jike wa rangi ya jina lake. Alipoletwa pale hakukubali mtu amguse sikio, kwa sababu huko alikotoka walimzoeza kwa kumfunga na kumchapa. Watu walishauri arudishwe. Mwalimu aliomba apewe muda. Hakumpanda kwa kumrukia kutoka chini kama wengine. Alipanda kwanza juu ya kigogo cha mbao, akakaa kimya akisubiri, mpaka Majivu mwenyewe asogee na kuleta ubavu wake. Siku ambazo hakuusogeza, hakupandwa. Watu walimcheka Mwalimu, wakasema anamposa farasi.

Tena alimfundisha neno moja. Kazi ikiisha, kabla ya kushuka, alimwekea kiganja shingoni na kumwambia polepole, "Basi." Baada ya neno hilo hakuna aliyemdai Majivu kitu tena siku hiyo. Mkanda wa tumbo ulilegezwa, tandiko likatoka, akapewa maji. Ikafika mahali farasi yule akilisikia tu aliinamisha kichwa, akashusha pumzi ndefu, midomo ikalegea kama ya mtu anayesinzia.

Ili neno lisichuje, Mwalimu alilipiga marufuku zizini. Hakuna kulisema karibu na Majivu ila kazi imekwisha. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani. Mtunza farasi mkuu, mtu wa maneno mengi waliyemwita Redio, alilalamika karibu kulia.

"Mwalimu, nikinyang'anywa hilo, sentensi zangu nitazimalizia wapi?"

"Zimalizie moyoni."

"Moyo wenyewe mdogo."

Lakini alitii. Wote walitii, wakajizoesha kusema "haya" na "sawa", na mgeni akilitamka karibu na banda la Majivu walimkoholea mpaka akashangaa.

Sasa Mwalimu alitembea kuelekea kona ile, taratibu, mabega ameyashusha. Alipomfikia aliinua kiganja na kumwambia neno lao.

Majivu alirusha kichwa juu kana kwamba amechomwa. Masikio yakalala nyuma. Akarudi kinyumenyume mpaka makalio yakagonga uzio, akabaki pale anatetemeka.

Mwalimu aliushusha mkono. Hakuwahi kumwona hivyo hata wiki ile ya kwanza.

"Redio," aliita bila kugeuka. "Nini kimetokea?"

"Mimi sisemi kitu, Mwalimu. Mimi nina watoto."

"Sema."

Redio alishusha sauti. "Nahodha alimpanda, farasi akagoma kwenda. Akamshika shingo, akamwambia neno lile. Majivu akainama, maskini, akajua amepumzika. Hapo hapo akampiga visigino na fimbo, akamwelekeza kwenye kiunzi."

Mwalimu alifumba macho. Mungu wangu, alisema moyoni. Hakuomba hasira imtoke. Aliomba isimpeleke kusema uongo.

Nyuma yake Mama Nahodha alikuwa amekwisha kupata sauti. "Binti, huyu ndiye farasi uliyemfundisha wewe?"

"Ndiye, Mama."

"Mwanangu nusura avunjike shingo! Wifi yangu yuko kwenye manyasi kama mzigo! Hiyo ndiyo kazi unayosifiwa?"

"Niinueni kwanza, mtanigombania baadaye," Shangazi alisema kutoka kwenye nyasi.

Mwalimu alimtazama Nahodha. Alimngojea. Alikuwa anajua vizuri uso ule. Alijua jinsi jicho la kushoto lilivyokunjika akikaribia kucheka, na jinsi alivyouma mdomo akitaka kusema jambo zito. Aliuma mdomo. Haya sasa, sema, Mwalimu aliwaza.

Nahodha alijipangusa mchanga magotini. "Bado hajafundishwa vizuri," alisema bila kuinua macho. "Ana ukaidi ukaidi."

Mama yake aliitikia kwa kichwa. "Nitaongea na mjomba wako leo hii. Zizi ni lake, lakini mtoto ni wangu. Farasi huyu aondoke kabla ya Jumatatu. Na hapa wanapofundishwa watu ukaidi, tutapatazama upya."

Mwalimu alimgeuzia Majivu mgongo, akasimama hivyo hivyo, bila kumwita, bila kunyoosha mkono. Shangazi alikwisha kuinuliwa na kupanguswa nywele, na Mama Nahodha aliuliza mara mbili huyu anafanya nini, ndipo farasi alipopiga hatua moja, kisha nyingine, akaja kusimama nyuma ya bega lake. Mwalimu aliokota hatamu, akampitisha mbele ya wageni akichechemea.

"Redio, mwoshe goti kwa maji ya chumvi. Usiongee naye," alisema. Halafu, kwa sauti ambayo Nahodha hakuwahi kuisikia, "Wewe, njoo chumba cha matandiko."

*

Chumba cha matandiko kilikuwa chembamba, kinanuka ngozi na mafuta ya kung'arishia. Hapo ndipo Nahodha alipomwambia anampenda, mwaka uliopita, akiwa ameshika vikuku viwili vya kukanyagia visivyolingana na hajui aviweke wapi. Mwalimu hakutaka kukumbuka hilo sasa.

"Funga mlango."

"Mwalimu wangu, nisikilize kwanza..."

"Mwalimu wako? Sasa hivi ndiyo nimekuwa wako? Pale uwanjani nilikuwa wa nani?"

"Mama alikuwa anatazama."

"Na mimi nilikuwa natazama. Na Mungu alikuwa anatazama. Sisi wengine hatuna macho?"

Nahodha alijipapasa kiwiko kilichochubuka. "Hujui walivyonianza. Ulipoondoka tu, Shangazi kasema, huyu ni nahodha gani anayebaki bandarini? Wakacheka. Mama akasema labda wanaoruka ni wengine, mimi nashikishwa kamba tu na mwanamke. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningecheka nao."

"Ni rahisi kusema."

"Ningeshikilia kamba yangu na kucheka nao! Ukaona dawa ni kumpanda farasi aliyekwisha kumaliza kazi? Ukamrukia kutoka chini, ukambana mkanda upya?"

"Alisimama kama gogo. Nimemwomba kwa upole, hakwenda."

"Hakwenda kwa sababu nilimwahidi imekwisha. Mimi, kwa mdomo wangu. Alikuwa anashika ahadi yangu, wewe ukaiita ukaidi."

"Ni neno tu," Nahodha alisema, naye sasa sauti ikampanda. "Neno moja, jamani! Watu wanalisema sokoni, wanalisema kwenye simu, wanalisema usingizini. Unaongea kana kwamba nimechoma nyumba."

"Ndiyo, ni neno la ovyo kuliko yote tuliyo nayo. Kila mtu analisema na hakuna anayelimaanisha. Mama anamwambia mtoto 'basi' na kofi linafuata. Mwanamume anasema 'basi' na ugomvi ndiyo kwanza unaanza. Nililichukua nikalifanya la kweli mahali pamoja tu, hapa, kwa mnyama mmoja. Watu wazima wakajifunga midomo miezi yote hii ili kiumbe kimoja kiweze kuamini. Redio kaweza, Nahodha! Redio! Wewe ukashindwa?"

Aliegemea ukuta.

"Na si suala la moyo wangu tu. Wanafunzi wangu wanampanda. Mtu anayeogopa, ameshikilia nywele za shingo, usalama wake wote ni kwamba farasi akiambiwa kitu ataamini. Nimeenda kumtuliza kwa neno letu, ameruka kama nimemchoma moto. Sasa akishtuka na mtu mgongoni nitamwambia nini? Umenipora ulimi. Akianguka mtu, utakuwepo useme hajafundishwa vizuri?"

Hilo lilimpata. Mabega yalimshuka. Alimtazama kwa yale macho yake, macho ambayo siku nyingine yoyote yangemmaliza Mwalimu nguvu.

"Nimekosa," alisema. "Kweli nimekosa." Akasogea. Akaweka kiganja chake chenye joto upande wa shingo ya Mwalimu, chini ya sikio. Sauti ikawa laini kama pamba. "Sasa basi, mpenzi. Basi."

Mwalimu alihisi kichwa chake kinaanza kuinama.

Alihisi waziwazi, shingo inalegea yenyewe, pumzi inashuka. Akakumbuka mara ngapi kiganja kile kiliwekwa hapo. Siku ya dirisha, walipokuwa wanarudi nyumbani. Basi mpenzi, basi. Akainama, na kesho yake akaombwa aoge kabla ya kwenda kwao. Siku Mama aliposema mke hawezi kunuka zizi; basi mpenzi, basi; akainama, na wiki haikuisha kabla hajaombwa afikirie kuacha kazi, kwa muda tu, mpaka harusi ipite. Alikuwa amefikiria. Alikuwa karibu kukubali.

Aliruka nyuma, mgongo ukapiga viango, vyuma vya lijamu za farasi vikalia kwa pamoja.

"Usinishike hapo!"

"Nini tena?"

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyomshika! Mkono huo huo, mahali hapo hapo! Nikishainama utanifanya nini? Utanipiga visigino unielekeze wapi safari hii?"

Nahodha aliutazama mkono wake uliobaki hewani. Akautazama kwa muda, kama mtu aliyeambiwa una doa na halioni, kisha akaliona. Rangi ilimtoka usoni.

"Sikujua," alisema taratibu. "Naapa sikujua kama nafanya hivyo."

"Najua hukujua. Ndilo linaloniogopesha. Ungekuwa mwovu ningekuacha nikalala usingizi. Wewe ni mtu mwema unayetaka kila mtu atulie haraka ili usione aibu."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Mama Nahodha aliingia, Shangazi nyuma yake na majani mawili bado yamening'inia kwenye nywele.

"Kelele zinafika barabarani," Mama Nahodha alisema. "Binti, mimi si mtu wa kuficha. Tangu mwanzo nilimwambia mwanangu, kazi ya wanyama humfanya mwanamke awe mkali. Leo nimejionea. Mwanamume kaanguka, hujamwuliza hata kama ameumia. Umemkimbilia farasi."

"Farasi alikuwa anatoka damu, Mama."

"Na mwanangu?"

"Mwanao alikuwa anatoka uongo."

Shangazi aliguna. Mama Nahodha alimgeukia mwanawe. "Umesikia ninavyojibiwa? Na wewe umesimama tu?"

Mwalimu hakumsaidia Nahodha. Aliitazama sakafu, mahali ambapo saruji imepasuka, akajiambia kwamba akisema neno moja sasa, hata la kumwokoa, hatajua kamwe alikuwa anataka kuolewa na nani.

"Mama," Nahodha alisema. Akakohoa. "Amesema kweli."

"Kweli ipi?"

"Farasi amefundishwa. Amefundishwa kuliko mimi. Alikuwa amemaliza kazi, nikampanda kwa nguvu. Nikamwambia neno la kumpumzisha, alipotulia nikampiga. Mlipokuwa mmekasirika, nikamsukumia Mwalimu kosa langu kwa sababu niliona haya mbele yenu. Hiyo ndiyo habari yote."

"Kwa hiyo unamwaibisha mama yako kwa ajili ya farasi?"

"Kwa ajili ya mke wangu."

"Mimi si mke wako bado," Mwalimu alisema. "Usinitumie hata hapo."

Shangazi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, akakigeuza chafya.

Nahodha aliwaka uso, lakini hakurudi nyuma. "Haya. Kwa ajili ya kweli." Alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni mbele yao wote. "Mjomba, shikamoo... Hapana, si wazima. Nimemwumiza Majivu." Alieleza upya, kitu kwa kitu, fimbo na neno na kiunzi, hata ule uongo wake. Mama yake alimfanyia ishara ya mkono anyamaze, hakunyamaza. Sauti ya upande wa pili ilianza chini, ikapanda mpaka ikasikika kama nyuki ndani ya kopo. Nahodha aliitikia, "Ndiyo, Mjomba. Ndiyo. Nimeelewa." Akakata.

"Amesemaje?" Mama Nahodha aliuliza.

"Majivu haondoki. Unahodha ameuchukua. Na nisiguse farasi yeyote wa zizi hili mpaka Mwalimu aseme."

"Na mashindano?"

"Hakuna mashindano, Mama."

Mama Nahodha alikirekebisha kitambaa chake cha kichwa polepole, kama anayejiandaa kutoka msibani. Alimtazama Mwalimu kwa jicho ambalo halikuwa na upendo, ingawa sasa lilikuwa na hesabu nyingine ndani yake. Akatoka. Shangazi alibaki mlangoni kidogo.

"Mwanangu," alimwambia Mwalimu kwa kunong'ona, "yale ya bandarini niliyasema mimi. Mdomo huu. Mungu anisamehe." Akaondoka akipukutisha majani.

*

Majivu alikuwa amesimama ndani ya banda lake, uso ukutani, goti limefungwa kitambaa safi. Redio alikuwa amekwisha kumwekea maji, ametoka bila kutamka silabi. Kwa Redio hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Nahodha alimfuata Mwalimu mpaka mlangoni. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu asiyeruhusiwa kugusa vitu dukani.

"Na sisi?" aliuliza.

"Leo sina jibu."

"Nimesema kweli mbele yao."

"Umesema. Na nimefurahi, na bado nimekasirika, na usiniombe nichague kimoja. Nikikujibu leo nitakujibu kwa hasira au kwa huruma. Siwezi kuingia ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kimojawapo kati ya hivyo."

"Na kesho?"

"Kesho huenda nikawa na hasira zaidi. Nitakuwa nimelala nikawaza."

Jicho lake la kushoto lilikaribia kukunjika, likaacha. "Nifanye nini, Mwalimu? Si kwa ajili ya kukupata. Nifanye nini kwa huyu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza hivyo. Tangu wafahamiane alimwambia unaendesha vizuri, unapendeza, unajua kuwabembeleza. Hakuwahi kumwuliza inafanywaje. Mwalimu alihisi machozi yanakuja na akayakasirikia nayo.

"Kaa chini," alisema. "Hapo nje ya mlango. Usimtazame usoni. Usimwite. Usimpe chakula, asije akadhani unamnunua. Akikugeuzia makalio, kaa. Akikusogelea, kaa. Usinyooshe mkono mpaka yeye akuguse."

"Hiyo tu?"

"Jaribu, ndiyo utajua kama ni 'tu'."

Nahodha aliketi kwenye saruji na suruali yake nyeupe, miguu ameikunja, macho kwenye ndoo. Majivu alisikia, sikio moja likageuka nyuma, mwili ukabaki ukutani. Mwalimu aliwatazama kidogo, wote wawili migongo yao imenyooka kwa hofu. Kisha alichukua mkoba wake. Aliwaombea kwa sentensi fupi, huku akitembea, kwa kuwa hakuwa na uhakika angesimama bila kurudi.

Langoni lilikuwapo gari, injini inanguruma. Alipokuwa analipita, kioo kilishuka.

"Anafanya nini huko ndani?" Mama Nahodha aliuliza. "Tunamsubiri twende."

"Ameketi, Mama. Mbele ya mlango wa farasi."

"Ameketi? Kwa nini?"

"Anangoja farasi amwamini."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Pengine atachoka baada ya muda mfupi, ainuke, akufuate. Pengine hatachoka." Mwalimu aliusogeza mkanda wa mkoba begani. "Mimi pia nataka kujua."

Mama Nahodha alimtazama kwa kitambo. Kwenye kiti cha nyuma Shangazi alikuwa ameanza kusema jambo, akanyamazishwa kwa kidole.

Kisha mama yule aliunyoosha mkono kwenye ufunguo, akazima injini.